Mustang ya 1991 Yaonjeshwa Naitrasi, Nami Nimo Ndani

Gia ya pili, mshale umevuka mizunguko 3,000, kanyagio la mafuta limelala sakafuni, na kidole gumba kikabonyeza kitufe chekundu. Halafu gari likaondoka. Najua lilikuwa tayari linakwenda, lakini sina namna nyingine ya kulieleza jambo hili: liliondoka tena, upya, na ule mwendo wa kwanza ukaonekana kuwa wa kunyoosha miguu tu. Kichwa kikabanwa kitini, pua ya gari ikainuka, mngurumo wa V8 ukashuka ukawa mzito na wa kifua, na upande wa pili wa uwanja ukaja mbio kunilaki. Jamani! Nimeendesha magari ya turbo, nimeendesha ya supachaja, na yote nayapenda. Hakuna hata moja linalokupa nguvu zake namna hii, zote kwa mkupuo, papo hapo, bila hata chembe ya kusubiri.

Uwanja ni Texas Motorplex, mjini Ennis, kusini mwa Dallas, ule alioufungua Billy Meyer mwaka 1986 na kuumwagia zege robo maili nzima. Gari ni Ford Mustang LX 5.0 ya mwaka 1991, lile umbo la pembepembe ambalo Wamarekani huliita Fox kwa jina la chasisi yake. Mwenyewe ni Mkenya mwenzangu, mtu wa Mombasa aliyehamia Dallas zamani, na ndiye aliyenipa ufunguo jioni ile pamoja na onyo moja: “Ndugu yangu, chini ya elfu tatu usiguse hicho kitufe.” Sababu yake nzuri sana, nitaifikia.

Kwanza nimsifu kwa kuchagua gari. Injini ya lita 5.0 ya miaka ya 1987 hadi 1992 iliandikwa farasi 225 kiwandani, na ndani yake Ford waliweka pistoni za kufuliwa, si za kumiminwa. Mwaka 1993 wakabadilisha, wakaweka pistoni za aloi yenye silikoni nyingi, nzuri kwa ukimya, ila ngumu na rahisi kukatika zikigongwa. Kwa mtu anayetaka kufunga naitrasi, tofauti hiyo ni kubwa kuliko rangi, magurudumu na redio kwa pamoja. Ukipata ya 1991 yenye bodi iliyochoka na ya 1993 inayong'aa, nenda na ya 1991 bila kutazama nyuma.

Sasa, naitrasi yenyewe. Ni N2O, gesi aliyoigundua Joseph Priestley mwaka 1772, ile ile ambayo madaktari wa meno huitumia kupunguza maumivu. Haiwaki. Ukiiweka mtungini peke yake na kuileta karibu na moto hupati mlipuko wa sinema. Kazi yake ni kubeba oksijeni. Hewa tunayovuta ina oksijeni takriban asilimia 23 kwa uzito. Naitrasi ina asilimia 36. Ikiingia ndani ya silinda na joto kupita nyuzi 300 hivi za Selsiasi, molekuli inavunjika, oksijeni inabaki huru, na nitrojeni inatuliza mwako usiwe wa ghafla. Oksijeni ikiongezeka unaweza kuchoma petroli zaidi, na hiyo petroli ya ziada ndiyo inayokusukuma kifua. Juu ya hapo kuna zawadi ya pili: mtungini naitrasi imekaa kama kimiminika chini ya shinikizo, na ikitoka kwenye nozeli inachemka kwa nyuzi 88 chini ya sifuri. Hewa yote inayoingia injini inapoa ghafla, inakuwa nzito, na silinda inashiba. Ni ubunifu mtamu kiasi kwamba Wajerumani waliutumia kwenye ndege za Vita Kuu ya Pili kwa mfumo waliouita GM-1, ili injini zipumue kule juu ambako hewa ni haba.

Kwenye mashindano ya magari ilianza kwa kificho. Mwaka 1976, A. J. Foyt na Darrell Waltrip walifutiwa muda wao wa kufuzu Daytona 500 kwa ajili ya gesi hii hii. Miaka miwili baadaye Mike Thermos na Dale Vaznaian wakaanzisha kampuni ya NOS huko California na kuifanya bidhaa ya dukani. Filamu ya The Fast and the Furious ya 2001 ikamaliza kazi. Tangu hapo kijana yeyote wa Nairobi au Dar es Salaam aliyependa magari aliijua kabla hajaiona.

Kifurushi kilichofungwa kwenye Mustang hii ni cha aina ya majimaji, maana yake nozeli moja inapuliza naitrasi na petroli kwa pamoja mbele ya throto. Aina kavu hupuliza naitrasi peke yake, na petroli ya ziada hutoka kwenye injekta za gari. Katika vifurushi vya zamani vya Mustang hizi walifanya hivyo kwa kupandisha presha ya mafuta kupitia regyuleta. Mimi napenda ya majimaji kwa sababu unaona kila kitu kwa macho. Kuna bomba la naitrasi, kuna bomba la petroli lililochukuliwa kwenye vali ndogo ya kupimia presha kwenye reli ya mafuta, na kila bomba lina solenoidi yake. Kwenye nozeli kuna jeti mbili, vipande vya shaba vyenye tundu lililopimwa, na ni tundu hizo tu zinazoamua unapata farasi 75, 100 au 125. Hakuna kompyuta ya kuombwa ruhusa. Unafungua kwa spana, unabadilisha jeti zote mbili kwa pamoja kufuata jedwali, unafunga. Dakika chache! Sisi tulikimbia na jeti za 100.

Nimebaki kuitazama ile kazi ya kufunga hata kabla gari halijawashwa. Mtungi wa kilo 4.5 umelazwa nyuma, kichwa cha vali kimeelekea mbele na kuinuliwa kidogo, lebo ikitazama juu. Si urembo. Ndani ya mtungi kuna mrija wa kunyonya uliokunjwa, na gari likiruka mbele kimiminika chote hukimbilia nyuma na chini. Mtungi ukikaa hivyo ncha ya mrija inabaki imezama. Ukiulaza vibaya, katikati ya mbio mrija unanyonya mvuke badala ya kimiminika, na nguvu zinapwaya bila wewe kujua kwa nini. Tena, kwa kuwa hili gari ni la mlango wa nyuma wa kuinua, buti na chumba cha dereva ni kitu kimoja, na kanuni za NHRA, chama kinachosimamia mbio hizi Marekani, zinataka mtungi wa namna hiyo uwe na vali ya usalama yenye bomba la kutolea gesi nje. Limetolewa nje, kupitia sakafu, kwa ustadi kabisa. Gesi hii ikijaa ndani ya gari inafukuza hewa ya kupumua, na ya magari hutiwa kiasi kidogo cha dioksidi ya salfa ili mtu asithubutu kuivuta. Pale nilipozungusha macho kwenye viungo vya mabomba sikuona hata uzi wa utepe mweupe wa mafundi bomba. Vizuri! Utepe ule hukatika vipande vidogo na kwenda kuziba jeti, na jeti ya petroli ikiziba nusu, pistoni haitakuwa na siku nyingi.

Hapo ndipo kiini cha mambo yote, na watu wengi wanakikosa. Unasikia mtu anasema naitrasi inaua injini. Injini inauawa na njaa ya petroli. Oksijeni ikija nyingi na mafuta yakaja kidogo, moto unakuwa mkali kupita kiasi, mchanganyiko unaanza kuwaka kabla ya wakati wake, injini inagonga, na ncha za plagi na vichwa vya pistoni vinaanza kuyeyuka. Kwa hiyo kila kifaa cha maana kwenye gari hili kimewekwa kulinda mafuta. Pampu ya kiwandani imeondolewa, imewekwa ya lita 255 kwa saa. Kuna swichi ya presha ya mafuta inayokata umeme wa naitrasi presha ikishuka. Kuna swichi kwenye throto inayoruhusu kitufe kufanya kazi pale tu kanyagio limefika mwisho, hivyo ukiachia mguu kubadilisha gia, gesi inakatika yenyewe. Tangi lina petroli ya oktani 93. Na taimingi imerudishwa nyuma kwa kanuni ya mafundi ya digrii 2 kwa kila farasi 50: unachomoa kile kiplagi kidogo cha waya karibu na distribyuta, unaweka taa ya taimingi, unageuza distribyuta kwa mkono, unarudisha kiplagi. Kwenye hizi 5.0 kiwandani ni digrii 10. Sisi tulikuwa 6. Plagi nazo ni za baridi zaidi kwa hatua moja.

Basi twende uwanjani. Bila naitrasi gari lilimaliza robo maili kwa sekunde 14.4, muda wa heshima kwa gari la umri huu. Kisha tukafungua mtungi, tukawasha swichi kuu, tukabonyeza kitufe cha kupumulia, na ule moshi mweupe ukaruka juu ya kioo kwa mlio wa shhhaaa uliofanya watu wageuke. Wengi wanadhani ni maonyesho. Ni lazima! Bomba kutoka nyuma hadi mbele ni refu, na gesi iliyotulia humo imegeuka mvuke. Usipoitoa, nozeli itapata mvuke mwepesi kwanza huku petroli ikija kamili, na gari litakohoa badala ya kuruka. Ukiona moshi umekuwa mzito na mweupe, kimiminika kimefika kwenye solenoidi. Nikatoka kwa upole kwenye gia ya kwanza, nikangoja tairi zishike, nikaingiza ya pili, nikabonyeza. Sekunde 13.1. Zaidi ya sekunde nzima imekatwa kwa kitufe!

Halafu jua likazama, ubaridi wa Texas ukaingia, na hapo nikapata kuona uzuri wa pili wa mfumo huu ambao kwangu unalingana na ule wa kwanza: ukiumwa, unasema. Mbio iliyofuata gari lilijikunyata nilipobonyeza. Moshi mweusi nyuma, nguvu nusu. Tukatazama geji ya mtungi: psi 700 na kidogo. Jibu likawa wazi. Presha ya naitrasi inafuata joto la mtungi, hakuna kingine. Kwa nyuzi 20 ni kama psi 720, kwa nyuzi 30 ni kama 900, na jeti zimepimwa kwa presha ya 900 hadi 950. Presha ikishuka, naitrasi inapungua lakini petroli inakuja ile ile. Mchanganyiko unashiba mafuta, gari linavuta moshi. Blanketi la umeme la mtungi, lenye kidhibiti chake, likawashwa, geji ikapanda hadi 920, na lile teke likarudi kama lilivyokuwa. Upande huu wa kosa hauui injini. Upande wa pili ndio wa kuogopwa: mtungi ukipashwa kupita 1,050, naitrasi inamwagika zaidi ya petroli na njaa inaanza. Ndiyo maana mtu mwenye akili hausogezi mtungi karibu na moto wa aina yoyote. Na kwa wasomaji wa pwani niseme moja kwa moja: mtungi uliofungiwa kwenye buti mchana wa Dar au Mombasa utapita nyuzi 36, na hapo naitrasi haikai tena kama kimiminika hata ungeibana vipi. Ninyi mnahitaji kivuli na taulo lenye maji, blanketi waachieni wa huku.

Geji hiyo, kwa njia, haikwambii kilichobaki. Maadamu kuna kimiminika, presha ni ile ile iwe mtungi umejaa au umefika robo. Kinachosema kweli ni mizani. Mbio moja ya farasi 100 hula kama nusu kilo, hivyo pima mtungi ukiwa mtupu, andika uzito wake kwa kalamu ya rangi, kisha upime kila baada ya mbio kadhaa.

Ugonjwa mwingine tuliokutana nao ulikuja juu kabisa, karibu na mizunguko 5,000: gari linamisi, tat-tat-tat, kisha linaendelea. Mtu angekimbilia kwenye mafuta. Mwenye gari akachomoa plagi moja na kupima mwanya wake. Kiwandani injini hii huachiwa mwanya mpana wa karibu milimita 1.4, na ndani ya silinda iliyojaa hewa nzito ya naitrasi cheche inazimwa kabla haijavuka. Akazibana zote nane hadi 0.9. Misi ikaisha, na sauti ya kupanda hadi mwisho ikawa safi ya kutia machozi. Tena plagi zile zile ndizo barua ya injini kwako. Kaure nyeupe yenye hudhurungi hafifu, una amani. Masizi meusi, mafuta mengi. Ukiona vitone vidogo vinavyong'aa, hiyo ni alumini ya pistoni. Funga mtungi na nenda nyumbani usiku huo huo.

Kitufe kikibonyezwa na kisifanye kitu, anza na masikio. Injini imezimwa, mtungi umefungwa na gesi ya bombani imeshatolewa, ufunguo uko wazi, kanyaga mafuta hadi mwisho na bonyeza kwa kufumba na kufumbua tu, petroli isimwagike ndani ya manifodi, huku mwenzako ameinama mbele. Panatakiwa milio miwili, tak-tak, solenoidi mbili. Ukimya kabisa maana yake fyuzi, rilei, au swichi ya throto haijafikiwa. Mlio mmoja tu ndio unaonitisha, maana ikiwa iliyobaki kimya ni ya petroli, mtungi ungekuwa wazi ungeipeleka naitrasi peke yake. Solenoidi hizi zinakula umeme mwingi, kwa hiyo waya mwembamba au ardhi yenye kutu inatosha kuifanya moja ifunguke kwa uvivu. Na ukiona barafu imeota kwenye solenoidi ya naitrasi wakati hujabonyeza, kuna takataka imekaa kwenye kiti cha vali na gesi inapenya ndani ya manifodi. Funga mtungi. Chomoa waya wa koili, kanyaga mafuta mpaka chini, zungusha injini kwa stata ili ijisafishe, ndipo uwashe.

Na hilo linaturudisha kwenye zile elfu tatu. Manifodi ya 5.0 ilichorwa ipitishe hewa tupu. Injekta ziko chini, karibu na vali. Nozeli ya majimaji inamwaga petroli huku juu, na injini ikizunguka polepole hewa haina kasi ya kuibeba katika kona zile ndefu. Petroli inatua, inakuwa dimbwi, na cheche moja ikirudi nyuma inapasua manifodi ya alumini vipande. Juu ya 3,000 upepo ni mkali, petroli inabaki angani, kila silinda inapata haki yake. Ningependa kuona swichi ya mizunguko inayozuia kitufe chini ya hapo na kukikata kabla injini haijafika kikomo chake. Ndiyo kitu pekee ambacho ningeongeza kwenye gari hili kesho asubuhi.

Jeti za 125 ziko kwenye kisanduku, na mwenye gari ananiuliza kila siku. Bloku hizi zinajulikana kupasuka katikati zikikaribia farasi 500, hivyo nafasi ipo, lakini gasketi za kichwa na giaboksi ya T-5 zinafika mwisho wao mapema kuliko bloku. Nimemwambia aongeze hiyo swichi, arudishe taimingi digrii moja zaidi, aanze na plagi mpya azisome baada ya mbio ya kwanza. Akishafanya hayo, mimi naomba niwe dereva.